Kulipia duka la mtandaoni moja kwa moja kutoka akaunti ya benki: pesa inafika, ila ni ya oda ipi?

#1 FundiTovuti (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye maduka ya mtandaoni, wanaonunua humo, na watu wa benki mnaopita humu kimyakimya bila kukomenti. Ni mrefu, jipangeni.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za maduka hapa Dar. Mteja wangu wa kawaida ana fremu Kariakoo au Sinza, alianza na Instagram, sasa anataka tovuti yenye kikapu kama wenzake. Tovuti naisuka, picha zinang'aa, kikapu kinajumlisha hadi gharama ya bodaboda. Mnunuzi akifika sehemu ya kulipa, ukurasa unamwambia: "Lipa kwa Lipa Namba hii, kisha tuma skrinishoti WhatsApp." Tumejenga barabara ya lami, tumefika mtoni tukaegesha mtumbwi.

Duka moja ninalolihudumia lina binti ambaye kazi yake kutwa ni kulinganisha. Simu ya duka iko mkono wa kushoto, daftari la kaunta liko kulia, limechorwa safu nne kwa rula: jina, kiasi, saa, mzigo. Siku ya ofa gauni linauzwa 35,000, na ndani ya robo saa zinaingia 35,000 kadhaa mfululizo. Meseji ya mtandao inasema pesa imetoka kwa Juma. Skrinishoti imetumwa na dada anayejiita Mama Careen. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yake. Binti anaanza kupiga simu: "Samahani dada, wewe ndiye Juma?" Huku nyuma bodaboda kaegesha anasubiri mzigo, anapuliza honi.

Malipo yoyote ya mtandaoni yana mambo matatu. Pesa itoke kwa mnunuzi ifike kwa muuzaji. Muuzaji ajulishwe. Na ile taarifa iseme pesa hii ni ya oda namba fulani. La kwanza nchi hii tumelimaliza zamani. La pili tunaliweza. La tatu ndilo linaloajiri mabinti wa daftari.

Sasa kwa nini nasisitiza akaunti ya benki wakati kadi zipo? Kwa kadi, unampa muuzaji namba zako, yeye ndiye anayekwenda kuvuta. Namba hizo zikivuja, mwingine naye anaweza kujaribu kuvuta. Ukilipa kutoka akaunti, wewe ndiye unayesukuma: unaingia kwenye benki yako mwenyewe, unaona jina la duka na kiasi, unathibitisha. Muuzaji haoni neno siri lako wala salio lako, anaambiwa tu kwamba imelipwa. Na kuna suala la makato. Kadi mtandaoni humkata muuzaji kwa asilimia. Weka asilimia 3 tu: kabati la 400,000 limeondoka na 12,000. Muuzaji hazimezi hizo, anazipachika kwenye bei na unazilipa wewe.

Wenzetu walishalifanya hili la kulipa kutoka akaunti. Malaysia wana FPX tangu 2004. Uholanzi benki zilikaa pamoja mwaka 2005 zikaanzisha iDEAL, na leo karibu asilimia 70 ya manunuzi ya mtandaoni nchini humo hulipwa hivyo, kadi inabaki ya safari. India walileta UPI mwaka 2016. Brazil, Benki Kuu yenyewe ilizindua Pix Novemba 2020 na ikalazimisha benki kubwa zote ziingie.

Kabla hamjaniambia "hao ni wazungu na Wahindi", niwakumbushe kwamba sisi tunao mfumo huu na tumeuzoea hadi hatuuoni. Kontroli namba. GePG, mfumo wa malipo ya serikali ulio chini ya Wizara ya Fedha, umekuwepo tangu 2017. Unapewa tarakimu 12 zinazoanza na 99, unazilipia kutoka benki yoyote au mtandao wowote wa simu, na namba yenyewe imebeba deni lako: nani, kiasi gani, cha nini. Ukishalipa, deni linafutika kwenye mfumo. Hakuna karani wa maji anayekuomba skrinishoti. Umeme wa LUKU vilevile: namba ya mita inasafiri na pesa, tokeni inarudi.

Kwa hiyo msinieleze kwamba Mtanzania hajazoea. Kinachokosekana ni duka dogo kupewa uwezo ule ule: kila oda izae namba yake, mnunuzi ailipie kutoka akaunti yake, mfumo wa duka uambiwe papo hapo. Benki zinawapa huduma hiyo mashule na makampuni makubwa. Muuza magauni akiiomba anaambiwa arudi wiki ijayo na muhtasari wa kikao cha bodi. Bodi gani, mwenye duka ni mtu mmoja na dada yake!

Nawasilisha. Wenye hoja karibuni, wenye matusi jukwaa lenu mnalijua.

#2 Mama Vitenge

Asante kwa mada mwanangu. Mimi nauza vitenge na mashuka, tovuti sina, nina Instagram na WhatsApp. Nikuambie ukweli ambao nyie wa kompyuta huwa mnauruka. Mteja wangu haogopi namna ya kulipa, anaogopa kulipa kabla hajaona mzigo. Wameshaibiwa. Mtu ameona picha ya pochi ya ngozi, kaletewa pochi ya turubai, na akaunti ya muuzaji imeshabadilishwa jina. Ndiyo maana Dar nzima tunaambiana "lipa mzigo ukifika". Bodaboda anafika, mteja anafungua mfuko, anaushika ushika kitambaa, anaunusa, ndipo anatoa simu alipe.

Hiyo namba yako ya oda itanisaidia mimi muuzaji nisichanganye majina. Mteja itamsaidia nini?

#3 FundiTovuti

Shikamoo mama. Hoja nzito hiyo na siwezi kuizunguka.

Umegusa udhaifu mkubwa wa malipo ya kusukuma: ukishathibitisha, imetoka. Kwa kadi ya Visa au Mastercard mnunuzi ambaye hakuletewa mzigo anaweza kwenda kwa benki iliyompa kadi akapinga muamala, na kwa kawaida ana hadi siku 120. Benki inamvuta muuzaji ajieleze. Kwenye akaunti hadi akaunti hakuna ngazi hiyo, labda nchi iijenge makusudi. Brazil waliona Pix imekuwa shamba la matapeli, Novemba 2021 wakaongeza utaratibu maalumu: aliyetapeliwa anaripoti kwenye benki yake, benki ya mpokeaji inazuia kilichobaki kwenye akaunti ile, uchunguzi ukimpa haki anarudishiwa. Mwanzoni, tapeli akishatoa zote, ndiyo ilikuwa hivyo tena. Uingereza wamekwenda mbali zaidi, tangu Oktoba 2024 benki zinalazimika kumfidia mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa mwenyewe, hadi pauni 85,000, japo siyo kila kesi inapita.

Ila mama, "lipa mzigo ukifika" nayo ina gharama zake. Mteja anabadili mawazo bodaboda akiwa mlangoni, nauli ya kwenda na kurudi anaibeba nani?

#4 Mama Vitenge

Naibeba mimi. Hapo umenipata.

#5 Mswahili wa Rotterdam

Niongeze kuhusu iDEAL maana nipo huku na naitumia kila wiki.

Ukiwa kwenye kompyuta, duka linakuletea msimbo wa QR. Unafungua aplikesheni ya benki yako kwenye simu, unauskani, unakuja ukurasa mmoja mfupi: jina la duka, kiasi, namba ya oda, na akaunti ipi itoe. Unaweka kidole au PIN. Ukirudisha macho kwenye kompyuta, ukurasa umeshageuka wenyewe umeandika "betaald", imelipwa. Ukiwa kwenye simu ni rahisi zaidi, unabonyeza jina la benki yako, aplikesheni inafunguka yenyewe, unathibitisha, inakurudisha dukani. Hakuna mahali unapoandika namba yoyote kwa mkono. Na duka halikatwi kwa asilimia, linakatwa senti kadhaa za euro kwa muamala, uwe umenunua soksi au friji.

Sasa jibu la swali la Mama. Huku iDEAL yenyewe haimlindi mnunuzi. Ukilipa, umelipa, na duka limehakikishiwa pesa yake. Kinachomlinda ni sheria ya Ulaya: kitu ulichonunua mtandaoni una siku 14 za kukirudisha bila hata kusema kwa nini. Viatu vimekubana, rudisha. Mke hajapenda rangi, rudisha. Duka lisilorejesha pesa linapelekwa kwa mamlaka. Na maduka yanabandika nembo za vyama vya wauzaji vyenye masharti, watu wanaziangalia kabla ya kulipa. Kwa hiyo nadhani mleta uzi anaangalia bomba, Mama anaangalia maji. Vyote viwili ni lazima.

Taarifa ya ziada: iDEAL yenyewe iko njiani kumezwa. Kampuni ya benki za Ulaya iitwayo EPI iliinunua mwaka 2023 na inaihamishia kwenye chapa yao ya Wero. Nia yao hawaifichi, wamechoka kuona malipo ya Ulaya yanapita kwenye mitambo ya Wamarekani wawili, Visa na Mastercard.

#6 Kamau wa Thika

Majirani hamjambo. Mimi ni Mkenya, nawasoma tu huwa.

Kwetu hii shida ya oda tuliimaliza na Paybill, namba ya biashara ya M-Pesa, kwa sababu ina mahali pa kujaza namba ya akaunti. Unaweka namba ya biashara, halafu namba ya akaunti ambayo inaweza kuwa namba ya oda, ya nyumba, ya mwanafunzi. Till, ile namba ya kulipia dukani kama Lipa Namba yenu, ndiyo haina, inafaa kiosk na matatu. Wengi wanaojisajili wanachukua Till kwa sababu ni rahisi, halafu wanaanza kulia kama huyo binti wako wa daftari. Serikali nayo mwaka 2023 ilikusanya Paybill zake nyingi ikazifanya moja, 222222, unalipia kila kitu cha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hapo.

Siku hizi hata kujaza hatujazi. Ukibonyeza "lipa" kwenye tovuti, simu yenyewe inaleta kiboksi: lipa kiasi fulani kwa duka fulani, weka PIN. Unaweka, mfumo wa duka unaambiwa palepale. Nyinyi mnayo pia, si ndiyo? Sasa akaunti ya benki ya nini?

#7 FundiTovuti

Karibu sana jirani. Tunayo, na mwenye duka akiniuliza aanze na nini, namwambia aanze na hiyo. Kwa magauni na vipodozi inatosha.

Benki inaingia kwenye vitu vikubwa. Pochi za simu zina ukomo. Kwenu M-Pesa muamala mmoja hauvuki shilingi 250,000 za Kenya, wakati PesaLink ya benki inafika 999,999. Anayenunua jenereta, tiketi za ndege za familia au kontena la vigae pesa yake iko benki. Leo anaitoa benki, anaiingiza kwenye simu, anakatwa, halafu analipa kutoka simu, anakatwa tena. Kwa nini pesa ipitie nyumba ya jirani kwenda chumbani kwake?

Na msisahau mwaka 2021. Tozo ya serikali kwa miamala ya simu ilipoanza hapa kwetu Julai, mwanzoni ikifika hadi 10,000 kwa muamala mmoja, maduka niliyokuwa nayahudumia yalishuhudia watu wakirudi kwenye noti za mkononi. Ilipunguzwa, ikapunguzwa tena, mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma pesa. Mfanyabiashara mwenye njia moja tu ya kupokea pesa yuko mikononi mwa mtu.

#8 Mdau wa Mifumo

Nipo benki, idara ya mifumo, benki siitaji na msiniulize. Niseme machache kwa niaba ya tunaosemwa.

Miundombinu ipo. Kuna TISS, mfumo wa Benki Kuu wa kuhamisha pesa kati ya benki, tangu 2004, hiyo ni ya pesa kubwa. Kuna TIPS, nayo ya Benki Kuu, inaunganisha benki na mitandao ya simu kwa malipo ya papo kwa papo. Kuna TANQR, msimbo mmoja wa taifa ili duka lisibandike vibao vitano ukutani. Kiwango cha QR chenyewe kinaruhusu aina mbili: msimbo mfu, ule wa kwenye kibao, unaojua jina la duka tu, kiasi unajaza mwenyewe, na msimbo hai, unaotengenezwa kwa kila oda ukiwa na kiasi na namba ya oda ndani. Duka la mtandaoni linahitaji wa pili. Mnaobandika picha ya kibao cha kaunta kwenye tovuti mnarudi palepale kwenye daftari.

Ila kuna kichekesho ambacho wanaoagiza mifumo hii huwa hawakifikirii. Wanunuzi wetu karibu wote wako kwenye simu. Ukimwonyesha QR kwenye simu yake, atajiskani na nini? Nimeona mtu akiazima simu ya jirani kwenye daladala ili askani simu yake mwenyewe. Wahindi walitatua kwa kiungo kinachofungua aplikesheni ya benki moja kwa moja. Wabrazili wana "nakili na ubandike": maandishi marefu ya msimbo unayakopi, unayabandika kwenye benki yako, yanajifungua kuwa oda. Hilo la pili tungeweza kulifanya bila kuvunja chochote.

Jambo la pili, ambalo ndilo linatunyima usingizi kuliko muhtasari wa bodi. Muamala hauna majibu mawili ya "umefaulu" na "umeshindwa". Kuna la tatu: haijulikani. Pesa imetoka kwa mnunuzi, mtandao umekatika kabla jibu halijafika dukani. Mnunuzi anaona ukurasa unazunguka zunguka, anabonyeza tena, analipa mara mbili. Halafu anatupigia simu sisi, duka linasema halijaona kitu, na wote wako sahihi. FundiTovuti, mfumo wako ukiwa katika hali hiyo unafanyaje?

#9 FundiTovuti

Mdau, umenigusa kwenyewe. Nafanya hivi.

Oda moja, namba moja, na namba hiyo hailipiki mara mbili. Hili nimelichukua kwenye kontroli namba, bili yake ikishalipwa yote, inafungwa. Mnunuzi akirudi kubonyeza, anaonyeshwa oda ile ile badala ya kufunguliwa nyingine. Pili, simwamini mnunuzi aliyerudishwa kwenye ukurasa wa "asante". Ule ukurasa mtu anaweza kuuandika kwa mkono kwenye kivinjari. Oda inakuwa "imelipwa" pale tu seva ya benki inapoongea na seva ya duka, tena duka linaigeukia benki kuuliza: kweli oda hii, kiasi hiki? Na tatu, taarifa isipokuja, kila baada ya dakika chache mfumo unauliza wenyewe hadi upate jibu la ndiyo au hapana. Mnunuzi wakati huo anasomewa sentensi ya Kiswahili cha kueleweka: "Tunasubiri benki ithibitishe. Usilipe tena." Hiyo sentensi peke yake imepunguza simu za malalamiko kuliko programu zote nilizoandika.

Lakini ili niweze kuuliza, benki inabidi iniachie mlango wa kuuliza. Kwa akaunti ya kawaida ya biashara hakuna. Kuna taarifa ya akaunti ya PDF ya mwisho wa mwezi. Ndiyo kilio changu.

#10 Mdau wa Mifumo

Kilio kimefika. Sisemi kitajibiwa lini.

#11 Pweza wa Paje

Mimi nina vyumba sita vya wageni Zanzibar, pwani ya kusini mashariki. Wageni wangu ni Wajerumani na Wadachi. Kadi inanikata, na wakituma kwa benki ya kimataifa pesa inanyonyolewa njiani na benki za katikati, anatuma euro 500 inafika pungufu, halafu nianze kumdai mgeni euro 18? Naweza kuwawekea hiyo iDEAL?

#12 FundiTovuti

Pweza, kwa wageni baki na kadi. Mifumo hii ya akaunti ni ya nyumbani, kila nchi na wa kwake. Ujerumani wenyewe walikuwa na giropay tangu 2006 na waliizima mwisho wa 2024. Kama mgeni anatuma kwa benki, mwambie achague chaguo la yeye kubeba makato yote, liko kwenye fomu yake, na ulitaje kwenye masharti ya kuweka nafasi kabla hajatuma.

#13 Nimeshtuka

Wakuu naomba msaada na pia iwe onyo. Wiki iliyopita niliona tangazo la friji kwa bei nzuri. Nikabonyeza, nikaambiwa "lipa kutoka benki yako", ikaja orodha ya benki zenye nembo zote. Nikachagua yangu, ukurasa ukafanana kabisa na wa benki. Nikaweka jina la kuingilia na neno siri. Ukaniomba namba ya uthibitisho iliyokuja kwa meseji, nikaweka. Ukaniambia "imeshindikana, jaribu tena", ikaja namba nyingine, nikaweka nayo. Pesa zimeondoka mara mbili, na siyo za friji. Je, hiki ndicho mnachokisifia humu?

#14 FundiTovuti

Pole sana ndugu. Hapana, ila umetaja shimo lenyewe na ni halali uulize.

Kwanza ya haraka. Kama hujafanya: piga namba ya huduma kwa wateja ya benki yako, iliyo nyuma ya kadi yako na siyo ya Google, wafunge huduma ya mtandaoni na kukuandikia namba ya malalamiko. Nenda polisi upate RB. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, kama kuna usiyoijua iripoti. Meseji za kitapeli zitume 15040. Benki isipokujibu, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha.

Sasa shimo. Ujerumani kulikuwa na kampuni ya Sofort iliyofanya biashara hivi kihalali kabisa: unanunua, unaletewa ukurasa wao, unaandika PIN ya benki yako na namba ya uthibitisho humo, wao wanaingia kwenye akaunti yako badala yako na kulipa. Ilipendwa kwa sababu ilifanya kazi na benki nyingi bila kuziomba ruhusa. Benki zikapinga, mamlaka ya ushindani ikasema mwaka 2016 kwamba benki haziwezi kuwakataza wateja kwa kigezo hicho. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya kiraia ikaamua duka haliwezi kuifanya Sofort iwe njia pekee ya bure ya kulipa, maana huwezi kumlazimisha mteja atoe siri za benki yake kwa mtu wa tatu. Sofort haikuwa matapeli. Lakini ilizoesha taifa zima kuandika neno siri la benki kwenye ukurasa usio wa benki, na tapeli wa friji yako anakula hapo hapo.

Kwa hiyo kigezo changu ni kimoja. Mfumo mzuri unakupeleka kwenye aplikesheni ya benki yako iliyokwisha kuwepo kwenye simu, na unathibitisha ndani yake. Ukiombwa neno siri kwenye kivinjari baada ya kubonyeza tangazo, funga. Ukitaka kununua kweli, fungua aplikesheni kwa mkono wako, jaza namba ya malipo, soma jina la mpokeaji linalotokea kabla ya PIN. Na ile meseji ya namba ya uthibitisho isome yote. Mara nyingi imeandikwa kiasi na inakokwenda, sisi macho yanakimbilia tarakimu sita.

#15 Nimeshtuka

Nimeirudia sasa hivi. Iliandikwa kabisa. Kiasi siyo cha friji na jina siyo la duka. Mungu wangu.

#16 Kijana wa Sinza

Mleta uzi sisi wadogo tufanyeje leo leo? Nina duka la viatu, leseni ninayo, TIN ninayo, mtaji mdogo. Halafu nina jambo linanisumbua: mteja kalipa 150,000 kwa viatu vya 50,000, anasema alikosea sifuri, eti nimrudishie laki kwenye namba nyingine. Nirudishe?

#17 FundiTovuti

Usirudishe kwenye namba nyingine hata akilia. Hiyo ni mmoja kati ya michezo miwili. Wa kwanza, hakulipa chochote, amekutumia meseji ya kughushi inayofanana na ya mtandao. Angalia imetoka kwa jina la huduma au kwa namba ya kawaida ya mtu, kisha achana na meseji kabisa, fungua salio. Wa pili ni mbaya zaidi: pesa ni kweli imeingia, ila ni ya mtu kama Nimeshtuka hapo juu. Ukiituma kwingine, umemsaidia mwizi kuisafisha, na mwenye mali akiripoti, jina linaloonekana ni lako. Pesa inarudi ilikotoka tu. Kama ilitoka benki, nenda benki waugeuze muamala wao wenyewe.

Kuhusu leo leo. Shika leseni na TIN mkononi, nenda benki yako ulizia "akaunti ya makusanyo yenye namba ya kumbukumbu". Taja maneno hayo hayo, maana ukisema "malipo ya mtandaoni" wanakupeleka dawati la kadi. Ukikataliwa jaribu kampuni za malipo zenye leseni ya Benki Kuu, zenyewe zimeshafungua milango ya benki na mitandao, zinakukodishia. Uliza makato kabla ya kusaini, na uliza pesa inakaa kwao siku ngapi kabla ya kufika kwako, hapo ndipo wengi wanaumia.

Ukiwa unasubiri, kuna ujanja wa bure. Usiwe na bei moja kwa watu wengi. Oda ya kwanza 50,001, ya pili 50,002, ya tatu 50,003. Simu na benki zinapokea kiasi chochote, hata chenye shilingi moja ya ziada. Kiasi chenyewe kinakuwa namba ya oda, majina ya kina Juma hayakuhusu tena. Ukifika 50,099 anza upya, za mwanzo zitakuwa zimeshalipwa au zimeachwa.

#18 Mama Vitenge

Huu wa shilingi moja moja nimeuelewa kuliko yote ya juu. Ila wateja wangu nawajua. Nikimwambia shuka ni 45,017, ataniuliza hiyo 17 ni ya nini, nimeanza na mimi kuwa na makato?

#19 FundiTovuti

Mama, ipunguze badala ya kuiongeza. Mwambie 44,983.